Gari Ikichemsha, Usikubali Injini Ifunguliwe Kabla ya Maswali Haya Matatu

Leo siongelei faida wala namna ya kupanga bidhaa kwenye shelfu. Naongelea gari, kwa sababu kwa sisi wa huku Tukuyu gari ikilala, duka nalo linalala.

Mimi nina duka hapa Msasani, wilaya ya Rungwe. Nina Hilux pikapu ya zamani, injini 3L ya dizeli, niliyoinunua kwa mtu. Kazi yake ni kupandisha ndizi na parachichi mpaka Uyole na Mbeya mjini, halafu kurudi na sukari, unga, sabuni na mafuta ya kula. Sikusomea ufundi. Nimeishia kidato cha nne, na haya ninayoandika nimejifunza kwa kuuliza, kwa kushika mwenyewe na kwa kupata hasara. Soma mpaka mwisho, inaweza kukuokolea mtaji.

ILIVYOANZA

Wanaoijua barabara yetu wanajua. Kutoka Tukuyu kwenda Mbeya ni kilomita 70 hivi. Ukishavuka Kiwira unaanza kupanda, unapita Ntokela, mpaka kule Isyonje kwenye baridi na ukungu. Huko ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa na mzigo unapanda kwa gia ya pili, taratibu, malori ya kwenda na kutoka Malawi yanakupita.

Siku hiyo nilikuwa na mikungu ya ndizi zaidi ya arobaini, na mteja ananisubiri Uyole. Kabla ya kufika Isyonje nikaona mshale wa joto umepita nusu. Nikasema ngoja nimalize huu mlima. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Dakika chache baadaye mvuke ukatoka kwenye boneti kama sufuria ya maharage.

Utingo wangu akashuka mbio na kitambaa, anataka kufungua mfuniko wa rejeta. Nashukuru Mungu nilimvuta shati. Maji yale yako kwenye presha, ukifungua yanaruka usoni. Tulikaa pembeni karibu saa nzima, tukaongeza maji ya mtoni, tukaenda, ikachemsha tena, tukasimama tena. Nilifika Uyole saa tisa alasiri badala ya saa tatu asubuhi. Mteja ameshanunua kwa mwingine. Zile ndizi nikauza kwa bei ya kuzitupa.

Kesho yake nikaipeleka gereji moja. Kijana akaiwasha, akasikiliza kama dakika tano, akasema: "Bosi, gasketi ya silinda hedi imeenda. Tufungue injini." Nikauliza shilingi ngapi. Akapiga hesabu: gasketi, kukwangua hedi, oili, ufundi. Jumla 950,000.

Mtaji wangu wote wa kuzungusha dukani wakati ule ulikuwa kama milioni 1 na laki 4. Yaani nikilipa, nabaki na shelfu tupu. Nikisema nikope, riba inakula faida ya miezi. Nikamwambia nipe mpaka kesho nifikirie. Sikulala.

SWALI LA MZEE

Jirani yangu kuna mzee aliyeendesha malori miaka mingi, sasa analima chai yake kimya kimya. Jioni nikamfuata. Nikamsalimia, nikamweleza. Hakuja hata kuiangalia gari kwanza. Akaniuliza: "Mwanangu, hiyo gari inachemsha wakati gani?"

Nikasema, inachemsha tu, mzee.

Akasema hapana, hakuna gari inayochemsha tu. Mtoto akiumwa, daktari anauliza ameanza lini, anaumwa wapi, usiku au mchana. Gari nayo ni hivyohivyo. Akanipa maswali matatu, na mimi leo nawapa nyie.

SWALI LA 1: INACHEMSHA WAKATI GANI?

Injini inapozwa na vitu viwili: maji yanayozunguka ndani, na upepo unaopita kwenye rejeta. Ukijua gari inachemsha wakati gani, unajua pa kuanzia.

- Inachemsha ikiwa imesimama inaunguruma, au ikienda pole kwenye mlima, lakini ukipata tambarare ukakimbia kidogo mshale unashuka. Hapo shaka ya kwanza ni upepo: feni, mkanda wa feni, klachi ya feni, au rejeta imejaa uchafu kwa nje. Ukikimbia, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, ndiyo maana inapoa.

- Inachemsha hata kwenye tambarare ukiwa unakimbia. Hapo shaka ni mzunguko wa maji: rejeta imeziba kwa ndani, watapampu imechoka, au hozi ya chini inanywea.

- Inachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi. Hapo angalia kama maji yapo. Kama yapo, shuku themostati imeganda ikiwa imefungwa, au kweli gasketi inavuja.

Nikakumbuka vizuri: kushuka kutoka Isyonje kwenda Igawilo mshale ulikuwa unarudi chini wenyewe. Na nikienda Kyela, kwenda ni mteremko hakuna shida, kurudi ndiyo taabu, maana Kyela iko chini, mita 500 hivi, na Tukuyu iko mita 1,500 hivi.

SWALI LA 2: MAJI YANAPUNGUA AU HAYAPUNGUI?

Kama maji hayapungui na bado inachemsha, shida ni upepo au mzunguko. Kama yanapungua, lazima yana pa kwenda. Tafuta:

- Yanadondoka chini? Weka boksi lililofunguliwa chini ya injini usiku kucha, asubuhi utaona doa liko upande gani. Angalia hozi, rejeta, na kile kitundu kidogo chini ya watapampu. Kitundu hicho kikitoa maji, watapampu imeanza kufa.
- Yanatokea kwenye mfuniko au kopo la akiba? Shuku mfuniko.
- Yameingia kwenye oili? Vuta kile kijiti cha kupimia oili, angalia na mfuniko wa kujazia oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, hapo kweli kuna kazi kubwa.
- Yanatoka kwenye ekzosi? Moshi mweupe mwingi usioisha hata injini ikishapata moto ni dalili mbaya. Ila huku kwetu asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba kila gari inatoa mvuke mweupe kwa baridi, kwa hiyo subiri ipate moto ndipo uhukumu.

SWALI LA 3: HUO MSHALE UNASEMA UKWELI?

Hili sikuwa nalijua kabisa. Kile kidude kinachopima joto lazima kiguse maji. Maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kushuka ukaonyesha gari imepoa, kumbe injini inaungua. Kwa hiyo ukiona mshale ulikuwa juu halafu ghafla umeanguka huku gari inapanda mlima, usifurahi. Simama. Na kuna gari nyingine mshale unapanda kwa sababu ya waya mbovu tu, injini haina shida. Ukitilia shaka, gereji nyingine zina kipimo cha joto cha kuelekeza kwa mkono. Omba wapime.

TULIVYOKAGUA, KUANZIA CHA BURE

Kesho yake asubuhi mzee akaja. Kanuni yake moja: anza na kinachokaguliwa bure, malizia na cha gharama. Injini ikiwa baridi, funguo mfukoni.

Hatua ya 1: Mfuniko wa rejeta. Tukafungua. Maji yalikuwa chini na yana rangi ya kutu. Raba ya mfuniko imekauka, ina nyufa. Watu wengi wanadhani mfuniko kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike tu. Kazi yake ni kushika presha. Nieleze kidogo, maana sisi wa milimani hili linatuhusu kuliko watu wa Dar.

Maji usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda juu yanachemka mapema. Hapa Tukuyu ni kama nyuzi 95, na kule Isyonje ni kama 93. Ndiyo maana maharage huku yanakula kuni. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 unashika presha mpaka maji hayachemki hadi yapite nyuzi 110. Mfuniko ukifa, maji ya rejeta yanachemka kama yako kwenye sufuria wazi, na injini ya dizeli inayopanda mlima na mzigo inafika joto hilo bila shida. Kumbe kitu cha 12,000 ndicho kilikuwa kinanimwagia maji njiani. Ukinunua kipya, angalia namba iliyoandikwa juu ya ule wa gari yako, nunua inayofanana. Usiweke ya presha kubwa ukidhani ndiyo bora, utapasua hozi.

Hatua ya 2: Rejeta kwa nje. Piga tochi upande wa injini, angalia kwa mbele. Mwanga ukipita vizuri ni safi. Yangu nusu ya chini ilikuwa giza. Tope la barabara za vijijini ninakofuata ndizi, majani na wadudu, vyote vimekauka mle ndani kama tofali. Tuliosha kwa maji ya bomba ya kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje, taratibu. Usitumie ile mashine ya kuoshea magari kwa karibu, inalaza vile vibati vyembamba, na vikilala upepo haupiti.

Hatua ya 3: Mkanda wa feni. Bonyeza kwa dole gumba katikati. Ukizama kama sentimita 1 ni sawa. Ukilegea sana unateleza, na watapampu na feni vinazunguka pole. Angalia nyufa na mng'ao. Wangu ulikuwa mzima.

Hatua ya 4: Klachi ya feni. Injini ikiwa imezimwa na baridi, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito kidogo, isimame haraka. Yangu ilizunguka kama kishada cha watoto. Na katikati ilikuwa na doa la mafuta yaliyovuja. Mzee akacheka, akasema: "Feni yako inazunguka kwa hisani ya upepo." Yaani injini ikipata moto ile klachi ilitakiwa ishike, feni ivume kwa nguvu. Haikuwa inashika. Kwenye tambarare hujui. Kwenye mlima, gia ya pili, upepo wa mbele hakuna, feni haivumi, joto linabaki ndani.

Hatua ya 5: Themostati. Hiki ni kimlango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto. Kama mshale umepanda lakini hozi ya juu ya rejeta bado baridi, kimlango kimeganda. Kukipima ni jikoni: kitoe, kitumbukize kwenye sufuria ya maji, pasha. Nyingi zinafunguka kati ya nyuzi 76 na 88, imeandikwa juu yake. Maji yakichemka haijafunguka, tupa.

Tulipofungua nyumba yake, tukakuta tupu. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliitoa. Huu mtindo upo sana mtaani, fundi anasema "toa hiyo, maji yapite huru". Ubaya ni kwamba injini haipati joto lake, inakula dizeli, hasa huku kwetu baridi. Na kuna injini ambazo themostati ina kisahani cha chini cha kuziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inapita mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari inachemsha zaidi ya mwanzo. Nikaweka mpya.

Hatua ya 6: Hozi ya chini. Injini ikiwa na moto, mtu akanyage mafuta ukiwa unaangalia, mikono mbali na feni na mkanda. Hozi ikinywea kama bomba la soda linalonyonywa, imechoka au rejeta imeziba ndani. Yangu ilikuwa sawa.

Hatua ya 7: Gasketi. Hapa ndipo yule kijana alitakiwa aanzie ushahidi kabla ya kutaja laki tisa na nusu. Injini baridi, fungua mfuniko, jaza maji, washa, angalia kwenye mdomo wa rejeta. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kuisha ni gesi ya injini inaingia kwenye maji. Dalili nyingine: umewasha gari baridi, mfuniko umefungwa, ndani ya dakika moja au mbili hozi ya juu imekuwa ngumu kama tairi. Maji hayajapata moto, sasa hiyo presha imetoka wapi? Gereji zenye vifaa zina dawa ya maji inayobadilika rangi ikikutana na gesi hiyo. Kipimo kama hicho ni bei ndogo sana ukilinganisha na kufungua injini.

Kwangu hakukuwa na mapovu ya mfululizo, oili safi, hozi laini. Gasketi nzima.

HESABU

Mfuniko 12,000. Klachi ya feni ya mtumba, Mbeya, 65,000. Themostati 30,000. Kulanti, yale maji ya rangi yanayozuia kutu, 25,000. Kuosha rejeta, jasho letu. Jumla 132,000. Mzee alikataa hela, nikampelekea kilo 5 za sukari. Bei hizo ni nilizolipa mimi, kwako zinaweza kuwa tofauti.

Sikupakia mzigo siku hiyo hiyo. Nilipanda mpaka Isyonje gari tupu, nikasimama mara tatu kuangalia. Siku ya pili nikapakia nusu. Siku ya tatu mzigo kamili. Mshale ulisimama chini kidogo ya nusu, na kwa mara ya kwanza nikasikia feni ikivuma.

Sisemi yule kijana ni tapeli. Huenda alishaona gasketi nyingi akadhani zote ni gasketi. Na sisemi gasketi haifi. Mfanyabiashara mwenzangu wa huku huku alikuwa anachemsha kama mimi, akawa anaongeza maji tu kila siku na kuendelea kubeba. Baada ya wiki kadhaa hedi ikapinda kweli, na hapo hakuna ujanja, ilibidi ifunguliwe. Shida ndogo ya upepo ikizoeleka ndiyo inazaa gasketi. Kwa hiyo hata mimi, kama ningevumilia miezi miwili zaidi, yule kijana angekuja kuwa sahihi.

IKIKUCHEMKIA NJIANI

1. Mshale ukianza kupita kawaida yake, usingoje kumaliza mlima. Zima AC, fungua hita mpaka mwisho hata kama utatoka jasho, inatoa joto kwenye injini. Tafuta pa kusimama.
2. Kama maji yapo na hakuna mvuke, simama uiache iungurume bila kukanyaga mafuta, mshale ushuke. Kama kuna mvuke au maji yamekwisha, zima mara moja.
3. Usiguse mfuniko. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono. Halafu tumia kitambaa kinene, fungua kidogo kidogo, uso pembeni.
4. Usimwage maji ya baridi kwenye injini yenye moto, hedi inapasuka. Acha ipoe, kisha ongeza polepole.
5. Beba dumu la lita 20 la maji safi. Maji ya mtoni yana tope, yanaziba rejeta.
6. Weka alama nyuma ya gari na jiwe kwenye tairi. Ukiondoka, OLITOE HILO JIWE BARABARANI. Wa nyuma yako na ukungu wa Isyonje hataliona.

MWISHO

Sasa hivi gari yangu ina daftari lake, sawa na daftari la madeni. Kila Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha naandika: maji yako wapi, oili ina rangi gani, mkanda, na safari iliyopita mshale ulifika wapi. Dakika tano. Maji yakipungua wiki mbili mfululizo najua kuna mdeni amejificha, namtafuta kabla hajakimbia.

Na ukienda gereji, usiseme "gari inachemsha" ukanyamaza. Sema inachemsha wakati gani, maji yanapungua au la, umeshakagua nini. Fundi mzuri atafurahi. Akikwambia gasketi, mwambie kwa heshima: "Sawa fundi, nionyeshe mapovu."

Kama una pikapu ya zamani, kesho asubuhi ikiwa baridi anza na mfuniko, kisha zungusha feni kwa mkono. Mtumie na mwenzako anayebeba mzigo.